Mkurugenzi anataka wasikilizaji kumi kwa semina ya siku moja

BARUA

Washauri, habari za kazi.

Mimi ni afisa rasilimaliwatu katika kiwanda cha kufungasha vyakula hapa Dar es Salaam. Tuna wafanyakazi 240 kwa zamu tatu. Wengi ni wanawake wa laini za kufungashia, waliobaki ni mafundi, madereva wa folklifti na watu wa stoo.

Mwezi wa tatu dada mmoja wa laini ya pili alikutwa analia nyuma ya stoo, siku ya tatu mfululizo. Supavaiza wake alimwita pembeni, dada akamweleza ya nyumbani kwake. Kesho yake, kwenye kikao cha kuanza zamu, supavaiza akasema mbele ya wote: "Tumwombee mwenzetu, hayuko sawa kiakili." Hakuwa na nia mbaya, namfahamu. Lakini tangu siku hiyo yule dada anaitwa "Mirembe", jina la hospitali ya wagonjwa wa akili ya Dodoma. Ameomba ahamie zamu ya usiku ili asionane na watu, na mpaka sasa sijamjibu.

Wakati huohuo mkurugenzi wetu amerudi kutoka mkutanoni na wazo. Tuchague watu kumi wawe wasikilizaji wa wenzao waliolemewa kiakili, wapate semina ya siku moja hotelini, tuwape tisheti za kijani zenye maandishi "Niongeleshe". Anapendekeza wawe masupavaiza kwa sababu "tayari wana sauti". Bajeti ipo, na tarehe ni wiki tano kuanzia sasa. Utekelezaji nimeachiwa mimi.

Wazo lenyewe silipingi. Kuna akina mama wanakimbizwa hadi getini na mikopo ya riba kubwa, ile ya kausha damu. Kuna fundi ambaye asubuhi mikono inamtetemeka mpaka apate kidogo, na wenzake wanamficha. Mwaka jana tulimzika kijana wa stoo, na hadi leo hakuna anayetamka alikufaje.

Naomba mnisaidie. Siku moja inatosha? Nichague nani? Mtu akimwambia mwenzake kwamba anawaza kujiua, aliyeambiwa afanye nini, na siri hiyo inaishia wapi? Na nimwambieje mkurugenzi kwamba tisheti zisubiri, bila kuonekana nakwamisha?

Afisa, Dar es Salaam


JIBU

Dada Afisa,

Semina itafuata. Kwanza yule dada wa laini ya pili, maana kiwanda kizima kinaangalia yake yataishia wapi. Ukitangaza wasikilizaji na yeye bado anaitwa Mirembe, hakuna atakayefungua mdomo.

Mwite wewe mwenyewe, mbali na eneo la uzalishaji, ndani ya saa anazolipwa. Mwambie wazi kwamba alichotendewa kikaoni kilikuwa kosa la kazini. Kisha muulize anataka supavaiza afanye nini, wala usimwamulie. Wengine wanataka kuombwa radhi faraghani tu, kwa kuwa radhi ya hadharani hufufua maneno upya. Ombi la zamu ya usiku usilikubali haraka. Kukesha kunavuruga usingizi, usingizi ukivurugika sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito, huzidi, na usiku kuna watu wachache wa kumwona akididimia. Mpe kwanza laini nyingine mchana. Akishikilia usiku, kubali kwa mwezi mmoja, kwa maandishi, na mwandike tarehe ya kuonana tena. Hilo jina nalo ni unyanyasaji kazini kama mwingine wowote: atakayesikika akilitumia aonywe kwa mdomo, akirudia aonywe kwa maandishi.

Siku moja haitoshi. Kozi ya huduma ya kwanza ya afya ya akili iliyoanzishwa Australia mwaka 2000 na Betty Kitchener na Anthony Jorm, ambayo ndiyo iliyozaa nyingi zinazouzwa leo, huchukua saa 12 katika umbo lake la kawaida. Siku moja ya hotelini, ukitoa ufunguzi, chai, chakula cha mchana, picha ya pamoja na kugawa vyeti, inabaki na saa nne. Kwa saa nne mtu anajifunza kutaja dalili. Kukaa na mwenzake anayelia hajifunzi.

Wanaofaa kuigwa ni watu wa ujenzi wa hukohuko Australia. Mpango wao wa MATES in Construction ulianza Queensland mwaka 2008 kwa sababu mafundi walikuwa wanajiua, na hufundisha kwa ngazi: kipindi kifupi kwa kila aliyepo saiti, mafunzo ya saa chache kwa wanaojitolea kuwa daraja la kumfikisha mwenzao kwenye msaada, na ya siku mbili kwa wachache wa kushughulika na mtu aliye hatarini. Kwenu tungefanya hivi: saa moja kwa wafanyakazi wote, katika makundi ya watu 20 hadi 25 ndani ya zamu zao, nusu siku kwa masupavaiza na mameneja wote, mkurugenzi akiwemo, na siku mbili kamili kwa wasikilizaji wanane. Wanane ni wawili kwa kila zamu, mwanamke na mwanaume, na wawili wa akiba kwa ajili ya likizo na ugonjwa. Idadi hii haitoki kwenye sheria yoyote. Shabaha ni kwamba hata saa nane usiku awepo wa kuongea naye.

Masupavaiza wasiwe wasikilizaji. Ndio wanaopanga ovataimu na kupitisha ruhusa, na hakuna mama mwenye deni atakayemwambia anayepanga ovataimu kwamba usiku halali. Wewe pia usiwe, maana faili za nidhamu ziko mezani kwako. Supavaiza ana kazi nyingine ya kujifunza: kuona badiliko mapema, kumpa mtu nafasi ya kuonana na msikilizaji bila kumhoji, kupunguza mzigo kwa muda, na kufunga mdomo. Kwa yaliyotokea kwenu, hilo la mwisho lipewe saa nzima.

Kuchagua, tumia kura ya siri. Kila mfanyakazi aandike majina mawili ya wenzake wa zamu yake ambao angewaambia jambo lake na lisirudi kwake kwa mdomo wa mtu mwingine. Wanaotajwa sana waite mmojammoja, waeleze kazi yenyewe, na waruhusu kukataa bila kutoa sababu. Waondoe waliofiwa karibuni au walio katikati ya matatizo mazito, maana kazi hii itawaelemea. Waondoe wenye kesi za kunyanyasa au kusambaza maneno. Na waondoe wanaokopesha wenzao kwa riba. Hili husahaulika, halafu mtu anakuta msikilizaji aliyepangiwa ndiye anayemdai. Mweka hazina wa kikoba naye mfikirie mara mbili.

Mkufunzi awe mtaalamu: muuguzi wa afya ya akili, mwanasaikolojia au daktari aliyezoea kufundisha watu wasio wa fani hiyo. Mwombe ratiba kabla ya kusaini chochote. Ikiwa zaidi ya nusu ya muda ni slaidi, mtafute mwingine.

Siku ya kwanza ihusu kuona na kusikiliza. Kinachotafutwa ni badiliko. Mpole aliyekuwa mpole siku zote si mgonjwa. Mcheshi aliyenyamaza kwa wiki mbili anahitaji kuulizwa hali. Wafundishwe kwamba wengi hawatasema wana huzuni. Watasema kichwa kinagonga, moyo unakwenda mbio, mwili una ganzi, tumbo linauma na vipimo havioni kitu. Mtu anayepima malaria na taifodi kila baada ya wiki mbili na hakuna kinachoonekana, anayekosea hesabu ya maboksi aliyoifanya miaka mitano, anayekula peke yake ghafla: hao ndio wa kuanza nao.

Salamu zetu zenyewe ni kikwazo. Ukimuuliza mtu habari za leo atajibu nzuri hata kama amekesha, adabu ndiyo inavyomtaka. Kwa hiyo msikilizaji aanze na alichokiona kwa macho, wakiwa wawili tu, wameketi ubavu kwa ubavu badala ya kutazamana kama kwenye usaili: "Wiki hizi mbili naona chakula cha mchana huli, na jana ulisahau kufunga mashine mara mbili. Si kawaida yako. Kuna nini?" Halafu anyamaze. Akijibiwa "nipo nipo tu" au "tunasukuma siku", asiupokee kama mwisho wa mazungumzo. Aseme, "Nipo nipo tu ikoje?" na anyamaze tena.

Hili halifundishiki kwa maelezo. Gawanyeni watu watatu watatu: mmoja anasimulia tatizo dogo la kweli (siyo kubwa, mafunzo si tiba), wa pili anasikiliza, wa tatu ana saa na karatasi. Dakika nane za mazungumzo, nne za kuambiana yaliyoonekana, kisha mnabadilishana nafasi. Mwenye karatasi anapiga mstari kila msikilizaji anapotoa ushauri, kila anapohamishia habari kwake mwenyewe, na kila anapomkatiza mwenzake. Raundi ya kwanza karatasi huwa imejaa mistari, na msikilizaji huwa anashangaa kwa sababu aliamini anasaidia. Lengo la raundi ya tatu ni dakika tano za mwanzo bila ushauri hata mmoja.

Kuna maneno ambayo yafutwe kabisa: "Mshukuru Mungu, wapo wenye hali mbaya kuliko wewe." "Jikaze, wewe mwanaume." "Hata mimi yalinikuta, ikapita." Msemaji anadhani anafariji, mwenzake anasikia kwamba shida yake ni ndogo na ananyamaza. Mahali pake aweke swali moja: "Kati ya yote haya, lipi linakubana zaidi leo?" Nchini Zimbabwe daktari wa magonjwa ya akili Dixon Chibanda alianzisha mwaka 2006 mpango ambao akina bibi waliofundishwa huketi na wagonjwa kwenye benchi la nje ya kliniki, na moja ya mambo wanayofanya ni hilohilo: kumsaidia mtu achague tatizo moja kwenye rundo na apange hatua moja anayoiweza. Jaribio lililochapishwa mwaka 2016 lilionyesha kuwa waliopitia benchi hilo walipata nafuu kubwa zaidi kuliko waliopata huduma ya kawaida. Angalia lakini: bibi wale wana wasimamizi juu yao, na wana pa kumpeleka aliyezidiwa. Kwa mama mwenye madeni manne, hatua moja yaweza kuwa kuyaandika yote kwenye karatasi, kiasi, riba na tarehe, kabla hajakopa la tano kulipa la kwanza.

Siku ya pili ihusu mambo mazito. Yule fundi wenu apewe nafasi, bila jina. Mikono inayotetemeka asubuhi na kutulia baada ya kinywaji ni ishara kwamba mwili umeshakuwa tegemezi wa pombe. Mtu wa namna hiyo akilazimishwa kuacha ghafla anaweza kupata degedege au kuweweseka, na wengine hufa. Kwa hiyo asiambiwe "acha leo au ufukuzwe". Apelekwe kwa daktari ili aache chini ya uangalizi. Na mpaka hapo asiguse mashine. Wenzake wanaomficha hawatunzi siri, wanahatarisha vidole vya watu.

Aliyechanganyikiwa, anayesikia sauti au kuamini anawindwa, asibishiwe na asikubaliwe. Aambiwe, "Naona unaogopa, nipo hapa." Mtu mmoja ndiye aongee, kwa sauti ya chini, wengine waondoke, apewe nafasi ya kutokea mlangoni. Asifungwe kamba. Ndugu yake apigiwe simu na safari ya hospitali ianze. Kifafa si ugonjwa wa akili, lakini wengi huuchanganya, kwa hiyo kitajwe hapohapo: asogezewe mbali vitu vya hatari, alazwe ubavu, asitiwe kijiko wala kitu chochote mdomoni, saa iangaliwe. Kikizidi dakika tano ni gari la hospitali.

Sasa swali lako la kujiua. Msikilizaji aulize kwa neno lenyewe. Wengi wanaogopa kwamba kuuliza kutampa mtu wazo. Tafiti zilizofuatilia jambo hilo hazikuona hivyo, na wenye mawazo hayo mara nyingi hupata ahueni kwa kuulizwa. "Mtu akibanwa namna hii, wakati mwingine huwaza kujiua. Wewe umewaza hivyo?" Akisema ndiyo, yafuate maswali matatu bila kupandisha sauti: umefikiria njia gani, unayo karibu, na umepanga lini. Mwenye njia, kifaa na siku yuko hatarini sasa hivi. Asiachwe peke yake hata dakika moja. Kinachoweza kumdhuru kiwekwe mbali naye, na kwenu hiyo maana yake ni stoo ya kemikali: iwe na kufuli na kitabu cha kusaini tangu leo, mtu awe hatarini asiwe. Aulizwe ndugu gani anamwamini, huyo aitwe. Aende hospitali akiwa na mtu, wala asiagizwe "nenda kesho ukaonane na daktari". Asiye na mpango wala siku bado anahitaji mtaalamu ndani ya siku moja au mbili, na msikilizaji amuulize hali kesho yake.

Watu wataogopa polisi, na hofu hiyo ina msingi. Kanuni ya Adhabu ya Tanzania bado inahesabu jaribio la kujiua kuwa kosa. Kenya, Mahakama Kuu ilitamka Januari 2025 kwamba kifungu cha namna hiyo kinapingana na Katiba. Mafunzo yaseme waziwazi kwamba kosa ni jaribio. Kuwaza, na kumwambia mwenzako kwamba unawaza, si kosa. Mtu asinyamaze kwa kuogopa pingu ambazo hazipo.

Siri ina mipaka, na mipaka hiyo itajwe mwanzoni mwa mazungumzo. Ikitajwa mwishoni, mtu ameshamwaga yote na anaona ametegwa. Msikilizaji akariri: "Utakayoniambia yanabaki hapa. Nitamwambia mtu mmoja tu, na wewe ukijua, kama nitaona unaweza kujidhuru, kuna mtu mwingine au mtoto atakayedhurika, au hauko katika hali ya kuendesha mashine." Huyo mtu mmoja ajulikane kwa jina na namba, pamoja na msaidizi wake. Asiwe supavaiza wa mhusika.

Kumbukumbu ni mstari mmoja: tarehe, zamu, aina ya tatizo, amepelekwa wapi au hakupelekwa. Hakuna jina, hakuna laini. Taarifa za afya ni taarifa nyeti chini ya Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, kwa hiyo kundi la WhatsApp la wasikilizaji lisiwe mahali pa kujadili watu. Mkurugenzi akitaka ripoti, apewe ya miezi mitatu kwa jumla, na aina yoyote ya tatizo yenye watu chini ya watano isiandikwe peke yake. Kwenye kiwanda cha watu 240, "mmoja, ukatili wa nyumbani, zamu ya asubuhi" ni sawa na kuandika jina.

Kabla mtu yeyote hajafundishwa, njia ya kumpeleka aliyezidiwa iwe imeshakanyagwa. Hapa ndipo mipango mingi inapovunjikia: watu wamefunzwa kufungua mazungumzo, mazungumzo yanafunguka, halafu hakuna pa kwenda. Tuma mtu hospitali ya rufaa ya mkoa iliyo karibu nanyi, Temeke, Amana au Mwananyamala, na Muhimbili pia. Aulize kliniki ya afya ya akili ni siku zipi, inaanza saa ngapi, dirisha gani, kufungua faili ni kiasi gani, na bima yenu inalipa nini. Aliyepigwa nyumbani anahitaji pia Dawati la Jinsia na Watoto la polisi na PF3, fomu ya polisi ya matibabu. Afisa ustawi wa jamii wa halmashauri naye awepo kwenye orodha. Yote yaingie ukurasa mmoja. Kisha fanyeni zoezi la usiku: ni saa nane, mtu yuko hatarini, funguo za gari anazo nani, mafuta yapo, nani anashika laini ya msikilizaji anayemsindikiza? Mkishindwa kujibu kwenye zoezi, mtashindwa siku yenyewe.

Anayetaka kwenda kwa shehe au mchungaji wake aende, ni watu wanaomjua na watabaki naye baada ya nyinyi kurudi kazini. Kliniki iende sambamba, na aliyeandikiwa dawa asiambiwe na yeyote aziache. Msikilizaji asimpeleke mtu kwenye ibada yake yeye.

Mengine yanayomhusu msikilizaji ni ya kifupi lakini yawe kwenye karatasi atakayosaini. Hakopeshi. Hatoi wala kugawa vidonge vya usingizi. Namba yake ya simu haiwi ya saa 24. Habebi watu zaidi ya watatu kwa wakati mmoja. Muda anaoutumia ni muda wa kazi, na lengo la uzalishaji la laini yake lipunguzwe kwa muda huo, la sivyo wenzake watamchukia kabla ya mwezi kuisha. Mara moja kwa mwezi wasikilizaji wote wakutane saa moja na mtaalamu wa nje, waeleze yanayowaelemea bila kutaja majina. Baada ya miezi sita warudie mazoezi kwa saa tatu. Baada ya mwaka anayetaka kupumzika apumzike. Kile kikao cha mwezi ndicho hukatwa kwanza bajeti ikibana, na baada ya hapo wasikilizaji huanza kuwakwepa watu.

Kuhusu kijana wa stoo: mweleze mkufunzi mapema ili asitumie mfano unaofanana na kifo chake, na waliokuwa zamu moja naye waambiwe kabla kwamba siku ya pili itagusa jambo hilo na wanaweza kutoka nje. Msigeuze mafunzo kuwa kikao cha kila mtu kusimulia alivyoumia. Kuwalazimisha watu wasimulie tukio baya kwa pamoja, mara moja na basi, hakujathibitika kuwakinga, na Shirika la Afya Duniani halikushauri. Anayetaka kuongea apewe mtu na muda.

Mkurugenzi usimwendee na "haiwezekani". Mwendee na mpango wenye tarehe yake mwenyewe. Mwonyeshe kwamba mwongozo wa Shirika la Afya Duniani kuhusu afya ya akili kazini, uliotoka Septemba 2022, unapendekeza mameneja wafundishwe, na unataka kazi yenyewe irekebishwe pia: saa, mzigo, namna watu wanavyosimamiwa. Mwambie na upande wa pili kwa uaminifu: mapitio ya mwaka 2023 ya Cochrane, mtandao unaokusanya na kupima tafiti za afya, kuhusu huduma ya kwanza ya afya ya akili hayakupata ushahidi wa kutosha kusema kwamba wanaosaidiwa wanapata nafuu, ingawa tafiti nyingine zinaonyesha wanaofundishwa wanapata ujuzi na kujiamini. Kwa hiyo asitarajie utoro upungue kufikia Desemba. Ikiwa watu kumi wamekuja kwa wasikilizaji na saba wanatoka kwa supavaiza mmoja, tatizo ni supavaiza, na hakuna msikilizaji atakayelitibu. Mishahara ikichelewa, kausha damu watarudi getini hata muwe na wasikilizaji hamsini.

Kuna jambo moja la kisheria ambalo analipia tayari na huenda halijui: chini ya Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, mfanyakazi ana siku 126 za likizo ya ugonjwa katika kila mzunguko wa miezi 36, siku 63 za kwanza kwa mshahara kamili na 63 zinazofuata kwa nusu. Sonona iliyothibitishwa kwa cheti cha daktari ni ugonjwa kama mwingine. Masupavaiza waijue sheria hii kwa tarakimu zake.

Na tisheti? Anayeonekana pembeni akiongea na tisheti ya kijani ameonekana na kiwanda kizima. Pesa hiyo ilipie kikao cha mwezi cha wasikilizaji. Mahali pa tisheti chapisheni karatasi yenye picha na majina ya wasikilizaji wa kila zamu, pamoja na ukurasa wa kliniki, na mbandike ndani ya milango ya vyoo, upande anaouona aliyejifungia, asome bila kutazamwa.

Wiki zako tano zinatosha ukizipanga hivi. Wiki ya kwanza: yule dada, kufuli la stoo ya kemikali, na mtu wa kwenda hospitali. Ya pili: kura, na mahojiano ya mmojammoja. Ya tatu: nusu siku ya masupavaiza na mkurugenzi. Ya nne na ya tano: siku mbili za wasikilizaji, moja kila wiki, ili katikati wajaribu walichojifunza na warudi na maswali. Vipindi vya saa moja kwa wafanyakazi wote vifuate, na karatasi za vyooni zibandikwe siku ya kipindi cha kwanza, siyo kabla, kwa sababu mtu anaweza kuisoma leo na kumfuata msikilizaji ambaye bado hajafundishwa.